Tangi la Molasi

Nimeombwa niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, nyinyi vijana wa Nakuru mnaokwenda kufanya kazi kwenye meli za mafuta. Aliyeniomba ana chuo cha ubaharia ghorofani pale mjini, juu ya duka la viatu. Hajawahi kupanda hata mtumbwi, lakini ukutani ametundika picha ya nahodha mwenye sare nyeupe. Maneno ya kutia moyo sina. Nina miaka thelathini na kitu ya kushinda na pampu, sikio la kushoto lisilosikia vizuri, na mambo machache ambayo hamtafundishwa chuoni kwa sababu hayapendezi kwenye picha.

Tulianzia hapa hapa Nakuru, mimi na Langat, katika depo moja ya mafuta. Langat alikuwa rika langu. Shamba la baba yake lilipakana na letu kule Molo, na ng'ombe wao hawakuwahi kuheshimu ua. Kazi yetu ilikuwa kupanda juu ya lori, kufungua kifuniko, kuteremsha fimbo na kusoma mafuta yamefika wapi. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Bondeni, tukinuka dizeli mpaka mwenye nyumba akatukataza kuanika nguo karibu na za watoto wake. Halafu tukasikia kwamba Mombasa wanatafuta watu wanaojua kupima mafuta melini. Tukaenda tukiwa na majivuno yote ya watu wawili waliozoea fimbo.

Niliporudi Molo kwa likizo ya kwanza, jirani aliniuliza, "Sasa huko mnashika samaki ngapi kwa siku?"

"Hatuvui. Tunabeba mafuta."

Akafikiria. "Ya kupikia?"

Nilimdharau sana siku hiyo. Baadaye nilikuja kubeba hata ya kupikia, maelfu ya tani, kwa hiyo mzee wa watu alikuwa amenishinda bila kujua.

Siku yetu ya kwanza melini tulipokelewa na Mzee Bakari, fundi wa pampu, mtu wa pwani mwenye tumbo kubwa na subira ndogo. Alitutazama viatu kwanza, maana tulikuwa tumevaa gambuti za kukamulia ng'ombe.

"Mwatoka wapi nyie?"

"Molo, Mzee."

"Molo kuna bahari?"

"Hapana. Kuna viazi."

"Basi viazi nisikilizeni. Hapa hamgusi kitu mpaka niseme. Mkigusa, mama zenu watapelekewa barua."

Huyo ndiye mwalimu niliyempata. Hakuwa mpole na hakuwa na hekima za kuandikwa kwenye kalenda. Alikuwa mchoyo wa sigara, mkali wa bure asubuhi, na alitupa chakula cha mpishi baharini mbele ya macho ya mpishi. Lakini pampu aliijua. Alinifundisha kuweka ncha ya kipande cha mti juu ya kifuniko cha pampu na ncha nyingine sikioni. Pampu yenye mafuta huvuma sawasawa. Inayokaribia kukauka huanza kusaga kama inameza kokoto, na hapo una muda mfupi wa kupunguza mwendo kabla haijajiua. Leo mna vioo vyenye namba na taa nyekundu. Taa ikiwaka, mnapiga picha ya taa na kumtumia mtu aliye ofisini.

Kitu kingine alichotufundisha ni kupima hewa kabla mtu hajaingia ndani ya tangi. "Juu, kati na chini," alisema. "Kwa juu kila tangi ni zuri. Chini ndiko kwenye wenyewe, hewa ya kuua." Tulilirudia neno hilo kwa kumwigiza, mimi na Langat, tukicheka kitandani.

Sasa kuhusu meli zenyewe. Watu wetu huziita zote meli ya mafuta, na chuo chenu kinawapa jedwali la ukubwa na uzito, mnalikariri kama watoto wa shule. Ile ya kwanza ilikuwa ya mafuta yaliyosafishwa: petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya ndege. Ni meli ya haraka, bandari baada ya bandari, na maofisa wake hawalali wala hawakuachi ulale. Humo utaogopa moto, na ni vizuri uuogope. Nilifanya kazi na kijana mmoja mwenye vyeti saba ambaye alikuja dekini, juu ya meli, na simu mfukoni tukiwa tunapakia petroli. Bakari aliichukua ile simu akaitia kwenye ndoo ya maji. Kijana akaenda kumshtaki. Vyeti saba.

Baadaye nilipanda zile kubwa za mafuta ghafi, ambazo ndizo mnazitamani. Msizitamani. Ni ndefu hivi kwamba watu hutumia baiskeli kutoka nyuma hadi mbele, na kazi yake kubwa ni kungoja. Mafuta yenyewe yana gesi inayonuka yai bovu. Ukiisikia, jihadhari. Ukiacha kuisikia ghafla, kimbia, kwa sababu gesi hiyo huua pua kabla ya kukuua wewe. Niliwahi kumsikia ofisa mmoja akisema kwa furaha, "Afadhali harufu imeisha." Tulimburuta kwa miguu.

Za gesi ya kupikia nilikaa mwaka mmoja tu. Humo gesi inabebwa ikiwa imepozwa mpaka imekuwa maji, na mabaharia wake hujiona madaktari: sauti za chini, glavu safi, kila mtu ana kalamu. Mabomba yanashika barafu chini ya jua kali. Mimi nikasema mtu aliyekulia Molo hababaishwi na baridi, nikashika bomba kwa mkono mtupu ili niwaonyeshe. Ngozi ya vidole viwili ilibaki pale bombani. Madaktari wale walicheka wiki nzima, na hawakukosea.

Halafu kuna za kemikali, na humo ndimo nilimomalizia kazi. Meli moja ina matangi ishirini na zaidi, kila tangi na pampu yake na bomba lake. Leo unabeba asidi, kesho spiriti ya viwandani, mwezi ujao mafuta ya mawese. Kazi yote ni kuosha. Unaosha tangi mpaka uchukie maji, halafu anapanda mkaguzi mwenye viatu vya plastiki, anapangusa ukuta kwa kitambaa cheupe, na kukitazama kama mama mkwe anayetafuta kosa. Mkaguzi mmoja alikataa tangi zima kwa sababu mmoja wetu alikuwa amejipaka losheni mikononi. Tulianza upya kuosha, na yule mwenye mikono laini hakupata rafiki mpaka mwisho wa mkataba.

Meli hizo ndizo zinazobeba molasi pia, ile sharubati nyeusi ya miwa ambayo sisi wa Molo tunainyunyizia majani makavu ili ng'ombe wayale. Siku ya kwanza kuipakia, tukiwa tena meli moja mimi, Langat na Bakari, mabaharia wengine waliitazama kwa wasiwasi wakiuliza ni sumu ya aina gani. Langat alichovya kidole, akalamba mbele yao.

"Hii nimekula nikiwa mdogo kuliko nimekula sukari," akasema. "Mnaogopa chakula ya ng'ombe?"

Tuliwacheka mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze ubaharia kulikuwa na shehena ambayo viazi waliijua kuliko watu wa bahari, na tuliringa nayo. Mazoea yana taabu, Bakari alisema alipotusikia. Wakati huo alikuwa amepandishwa kuwa bosun, msimamizi wa mabaharia wa deki, na mimi nilikuwa fundi wa pampu mahali pake.

Hapa someni polepole.

Tulishusha molasi, tukaosha tangi kwa maji ya bahari, tukaanza safari ya siku sita kwenda kupakia mafuta ya kupikia. Jua lilipiga deki mpaka soli zikanata. Chini kabisa ya tangi kuna shimo dogo ambamo pampu hufyonzea, na humo hubaki ndoo kadhaa za maji yaliyochanganyika na shehena. Lazima mtu ateremke na matambara akalikaushe kwa mkono. Yeyote aliyewahi kusahau ndoo ya molasi na maji nyuma ya zizi anajua nini hutokea: inaumuka, inatoa povu, inanuka kama pombe ya busaa. Hewa inayotoka kwenye povu hilo ni nzito. Hukaa chini na kuisukuma juu ile ya kupumua. Mimi nilijua inaumuka. Kila mfugaji wa Molo anajua. Sikuwahi kuifikiria ikiumuka siku sita ndani ya sanduku la chuma lenye kina cha nyumba ya ghorofa nne.

Asubuhi tuliyofika, kwenye saa nne, ofisa wa kwanza, ambaye kila mtu alimwita Chifu, akaja akitweta. Mkaguzi alikuwa anapanda baada ya chakula cha mchana. Chifu huyu alikuwa wa aina mtakayokutana nayo sana: anapenda fomu kuliko anavyopenda mamaye, mradi zijazwe haraka. Akanipa fomu ya ruhusa ya kuingia tangini. Ina nafasi tatu za kuandika kipimo cha hewa. Mashine ya kupimia ina mpira mrefu unaouteremsha polepole, na mpira wetu ulikuwa umepasuka. Mpya ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa nyuma kabisa ya meli, mwendo wa dakika tano kwenda na tano kurudi.

Nilipima pale mdomoni mwa tangi. Hewa ilikuwa safi kabisa. Nikaandika namba ile ile mara tatu, juu, kati, chini, nikatia sahihi. Ingekuwa asidi ningeenda stoo. Ingekuwa petroli ningekimbia kwenda stoo. Lakini ilikuwa chakula cha ng'ombe.

Langat ndiye aliyepangiwa kuteremka. Alikuja na ndoo, matambara na tochi, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama.

"Njuguna, umepima chini?"

"Nimepima."

"Kabisa?"

"Shuka bwana, mkaguzi anakuja. Unaogopa molasi?"

Akacheka, akashuka. Nilimwona akipita kituo cha kwanza cha ngazi, cha pili, kisha nikaona taa tu. Karibu na chini aliniita jina, si kwa kelele, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine la kuuliza. Halafu ndoo ikaanguka na taa ikalala upande.

Nilikuwa nimeshaingiza miguu yote miwili wakati Bakari aliponishika kola na kunitupa kwenye deki. Kisha akakaa. Nasema akakaa, kwenye mdomo wa tangi, na tumbo lake na makalio yake yakaziba tundu lote.

"Toka, Mzee. Ni ndugu yangu."

"Najua ni nduguyo. Ukishuka mtakuwa wawili."

Nilimpiga. Nilimpiga mzee aliyenifundisha kazi, usoni, na hakuinua mkono wala hakuondoka. Alibaki akipiga kelele waletwe watu wawili wenye mitungi ya hewa na barakoa. Walipokuja ndipo akainuka. Langat alivutwa juu kwa kamba. Tulimkandamiza kifua pale dekini, kwa zamu, mpaka Chifu akasema basi. Mimi niliendelea baada ya basi. Mkaguzi alikuwa amefika, amesimama kando na viatu vyake vya plastiki mkononi, hajui avivae au la.

Jioni hiyo Chifu aliniita ofisini kwake. Fomu yangu ilikuwa mezani. Hakufoka. Alinieleza, kwa utaratibu wa mtu anayepanga vikombe, kwamba fomu hiyo ingetuharibia mimi na yeye, na kwamba aliyekufa hawezi kuharibiwa tena. Akaichana. Akatoa karatasi nyingine iliyosema baharia aliingia tangini bila ruhusa, bila kumwambia mtu, hewa ikiwa haijapimwa. Chini yake palikuwa na nafasi ya mashahidi wawili. Nilitia sahihi. Nikamrudishia kalamu yake.

Bakari alisoma karatasi ile, akairudisha mezani. "Mimi sikuona hivi," akasema, akatoka. Bandari iliyofuata alishushwa na sanduku lake, na tangu siku hiyo hakuitwa na meli yoyote. Nilimwona akiteremka ngazi, shavu lake bado lina alama yangu. Hakugeuka.

Mwili tuliuleta Molo. Kwenye mazishi, mtu aliyetumwa na wakala wa meli alisoma barua mbele ya umati wote, na barua ilisema yale yaliyokuwa kwenye karatasi. Baba yake Langat akainua mkono asimalize. "Nimesikia," akasema. "Mtoto wangu aliuawa na ujuaji." Neno hilo lilibaki. Kwa miaka, kijana wa sehemu zile akipanda mti mkavu au kuendesha trekta bila breki, aliambiwa asiwe mjuaji kama Langat. Mimi nilikuwepo kwenye likizo zangu, nilisikia, nikanywa chai yangu.

Mjane wake, Mama Chelimo, aliniuliza swali moja siku ile ya mazishi. Alinivuta kando, mtoto mgongoni.

"Wewe ulikuwa huko, Baba Wairimu. Nilikuwa nikimwambia kila siku, kitu hujui, uliza. Kwani hakuuliza mtu?"

Nikamwambia, "Alikuwa na haraka."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine kumi na minane. Nilipima kila tangi juu, kati na chini, halafu nikarudia, hata tangi lililobeba maji ya kunywa. Vijana walinicheka wakaniita Mzee Rudia. Maofisa wakaniandikia barua za sifa kwa uangalifu wangu, na moja nadhani ndiyo iliyomfanya mwenye chuo anitafute. Mwoga na mwongo akifanya kazi vizuri, watu humwita mwangalifu. Nyinyi mtakutana na wazee kama mimi huko, na mtawaheshimu. Waulizeni walijifunzia wapi.

Nilistaafu, nikarudi Molo, na mwezi uliopita nikaenda Ndabibi, ambako Mama Chelimo alihamia zamani na kupata kipande cha shamba. Nilimkuta amekaa kwenye gunia, anachagua vitunguu, vibovu upande huu na vizima ule. Nywele zimekuwa nyeupe. Bintiye Chelimo, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa kibarazani akisahihisha madaftari.

"Karibu, Baba Wairimu. Umezeeka."

"Nimezeeka, Mama Chelimo. Nimekuja kukuambia ukweli ya Langat."

Nikasema yote, nikiwa nimesimama. Mpira uliopasuka, namba tatu, fomu iliyochanwa, sahihi yangu chini ya ile ya uongo. Njia nzima kutoka Molo nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa, au kufukuzwa na mbwa. Yeye aliendelea kuchagua vitunguu mpaka nikamaliza. Kisha mikono ikasimama.

"Rudia hapo," akasema. "Hapo penye alisimama kwa ngazi."

Nikarudia.

"Alisema aje? Sema vile alisema."

"Alisema, 'Njuguna, umepima chini?' Nikamwambia nimepima. Akaniuliza tena, 'Kabisa?'"

"Mara mbili."

"Mara mbili, Mama."

Aliweka chini kitunguu alichokuwa amekishika. Alipoinua uso hakuwa akinitazama mimi.

"Chelimo," akaita. "Wacha hizo vitabu. Kuja. Kuja usikie, baba yako aliuliza."

Chelimo akaja, kalamu nyekundu bado mkononi. Mama yake akaniambia nirudie, na nikarudia mbele ya mtu mzima ambaye mara ya mwisho nilimwona mgongoni. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi, mpaka mwisho. Halafu akamshika mama yake bega, na wote wawili wakaniacha nimesimama hapo.

Nilipokuwa nikiaga, Mama Chelimo akaniuliza siku hizi nafanya nini. Nikamwambia sifanyi kitu, ila nimeombwa niandikie vijana wanaokwenda baharini.

"Na hii utaandika?"

Nikamwambia sijaamua.

"Andika," akasema. "Kwa mazishi walisoma mbele ya watu wote ati hakuuliza. Andika jina yake, na uandike aliuliza."

Hawakunipa chai, na walifanya vizuri. Basi nimeandika. Langat aliuliza mara mbili kama hewa imepimwa hadi chini, na mimi ndiye niliyemjibu.